Mshenga Mweusi: Tuliyojifunza Mwanangu Alipotafutwa na Vyuo vya Marekani

Katika futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira uliochongoka pande mbili, chuo hakingoji kijana apeleke maombi. Kinamfuata alipo. Kocha hupanda ndege, hukodi gari, huja kukaa sebuleni kwenu, hula mlichopika, na huzungumza na mama kuliko anavyozungumza na mchezaji mwenyewe. Sisi yalitufika mwaka 2018 hapa Houston, mwanangu mkubwa alipokuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Mimi ni wa Tanga mjini, baba yake ni wa Pangani, na mpira tuliokua nao ni wa Coastal Union. Naandika kwa sababu naona vijana wa kwetu wanazidi kuvaa zile kofia, Watanzania, Wakenya, Wakongomani, na wazazi wao watakuja kusikiliza maneno yale yale tuliyoyasikiliza sisi.

Kijana wangu alicheza safu ya mbele ya ulinzi, pembeni, kazi yake kumkimbilia kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, kabla hajauachia. Video za mechi zake zilikuwa kwenye Hudl, ambako makocha huwatazama vijana bila kutoka ofisini, na tovuti za usajili zilimpa nyota tatu kati ya tano. Nyota tatu maana yake unatafutwa, lakini wakubwa wote hawakugombanii. Wakati ule timu ya daraja la juu la vyuo iliruhusiwa wachezaji 85 wanaosomeshwa bure. Kwa familia ya baba dereva wa lori na mama msaidizi wa wauguzi, kusomeshwa bure ni jambo la kubadili maisha ya ukoo mzima, kwa hiyo tulimkaribisha kila aliyebisha hodi.

Rangi ya kocha hatukuifikiria mwanzoni. Mwaka ule ule Simba ilikuwa chini ya Mbelgiji, Patrick Aussems, na Yanga chini ya Mkongomani, Mwinyi Zahera, na ubishi wa mashabiki ulikuwa juu ya pointi na upangaji wa kikosi. Mume wangu alisema kocha ni kocha. Aliyetuonyesha upande wa pili ni mzee mmoja niliyefanya naye kazi hospitalini, Mmarekani Mweusi aliyekulia Beaumont, mji ulio mashariki mwa Houston. Nilipomweleza kwamba vyuo vinamtaka mwanangu, hakuniuliza ni vyuo gani. Aliniuliza, "Wanamtuma nani?"

Kisha akanisimulia mambo ambayo kwake yalikuwa ya mtaani. Katika Beaumont ya ujana wake kulikuwa na shule ya watu weusi iliyoitwa Charlton-Pollard, na kocha wake, Willie Ray Smith, alikuwa na mtoto pandikizi la mtu aliyeitwa Bubba. Shule za weusi za Texas zilikuwa na ligi yao peke yao, chini ya chuo cha Prairie View, hadi mwaka 1970. Chuo Kikuu cha Texas kilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1969 na timu ya Wazungu watupu, na ni mwaka uliofuata ndipo Julius Whittier alipoingia uwanjani kama mchezaji mweusi wa kwanza wa timu kuu. Kijana mweusi mwenye kipaji alikwenda vyuo vya watu weusi, Prairie View, Texas Southern, au Grambling ya Louisiana, alikofundisha Eddie Robinson tangu 1941 hadi 1997. Asipokwenda huko, alielekea kaskazini.

Bubba Smith alielekea kaskazini, Michigan State, kwa kocha Mzungu, Duffy Daugherty, aliyewachukua vijana weusi wa Kusini wakati vyuo vya kwao havitaki hata kuwatazama. Novemba 1966 timu hiyo ilitoka sare ya 10–10 na Notre Dame, mechi ambayo mzee alikuwa bado anaibishania kana kwamba imechezwa juzi. Michigan State ilikuwa na weusi wengi, hata kwotabeki wake, Jimmy Raye, alikuwa mweusi. Notre Dame ilikuwa na mmoja tu, Alan Page.

Mzee alinikazia hilo la Daugherty. Aliogopa nisije nikabeba hesabu nyepesi kwamba kocha mweusi ni ndugu na kocha Mzungu ni wa kuogopwa. Alichotaka nikiangalie ni nani mwenye uamuzi, na je, huyo mwenye uamuzi ndiye anayekuja nyumbani kwangu.

Hapo ndipo nilipoanza kufuatilia, usiku baada ya zamu, na niliyoyakuta yalinisikitisha. Karibu nusu ya wachezaji wa daraja la juu la vyuo ni weusi. Makocha wakuu weusi ni takriban mmoja kati ya kumi. Wa kwanza kabisa katika daraja hilo, Willie Jeffries, alipewa timu ya Wichita State mwaka 1979. Ligi ya SEC, ambayo ndiyo roho ya futiboli ya Kusini, ilikaa hadi msimu wa 2004 ndipo ikampata wa kwanza, Sylvester Croom, pale Mississippi State. Mwaka 2008 Turner Gill, kocha mweusi, aliipa Buffalo ubingwa wa ligi yake, na Auburn ilipotafuta kocha ikamwacha, ikamchukua Gene Chizik, Mzungu aliyekuwa ameshinda mechi 5 na kupoteza 19 Iowa State. Charles Barkley, nyota wa zamani wa mpira wa kikapu aliyesoma Auburn, alisema hadharani kwamba rangi ndiyo iliyoamua.

Lakini makocha wasaidizi weusi wapo tele, na hapa ndipo mambo yanapomgusa mzazi. Wengi hupewa vikundi vya wakimbiaji, wapokeaji na walinzi wa nyuma. Kufundisha makwotabeki na kupanga mashambulizi, ambako ndiko njia ya kupandia kwenye ukocha mkuu, kwa miaka mingi kumekuwa zaidi mikononi mwa Wazungu. Na kila msaidizi ana eneo lake la kusajili. Kocha mweusi hutumwa Houston, Atlanta, Miami, kwenye nyumba za kina mama weusi, maana chuo kinajua mama atamsikiliza. Akifanikiwa anaitwa msajili hodari, na sifa hiyo inamganda. Watu wanamjua kwa ulimi wake, hawamjui kwa maarifa yake ya mpira.

Kwetu tunaye mtu wa namna hii. Mshenga huchaguliwa kwa sababu anajua kuongea na wazee, ana heshima, anajua aanze na lipi na anyamazie lipi. Anakuja kuposa lakini yeye siye atakayeoa, na kila mtu aliye barazani analijua hilo. Nilipolitazama jambo la makocha kwa jicho hilo, nilielewa la kuuliza.

Kocha aliyetugusa zaidi alikuwa mweusi, msaidizi wa safu ya ulinzi katika chuo kikubwa kilichoko mji mdogo, mbali na Texas. Alivua kofia mlangoni. Alikula pilau na kachumbari, akaongeza. Alituambia kuhusu mama yake aliyesafisha ofisi usiku, na sikuona kwamba ametunga. Kisha akamgeukia mwanangu, akaongea naye kwa namna ambayo hakuna kocha mwingine aliyewahi kuongea. Alimwambia kinyozi anayejua nywele zake yuko mji gani, maana pale chuoni hayupo. Alimwambia kuna barabara moja ya kuingia mjini ambayo asipite hata maili moja juu ya kiwango cha mwendo. Alimwambia polisi akimsimamisha aweke mikono juu ya usukani, aseme kila anachotaka kufanya kabla hajakifanya, na akitoka hapo ampigie yeye kwanza, hata iwe saa nane za usiku.

Machozi yalinilengalenga. Sisi wazazi tuliokulia pwani hatukuwa na maneno hayo ya kumpa mtoto. Hatukurithi. Mwanangu huitwa kwa jina la babu yake wa Pangani, lakini barabarani huko Marekani jina halisomwi, inasomwa ngozi, na mtu pekee kati ya wote waliokuja aliyemwandaa kwa hilo alikuwa yule aliyeishi ndani ya ngozi kama yake. Anayesema rangi ya kocha haina maana hajawahi kukaa sebuleni kama mzazi na kusikia maneno yale.

Halafu akasema, kwa wema kabisa, "Na nakuahidi mama, kila Jumapili atakuwa kanisani."

Nikamwambia, "Kocha, sisi ni Waislamu."

Alinyamaza, akaomba radhi, akaomba tena. Alipokuja mara ya pili alikuwa amekwishatafuta msikiti, ulio karibu saa nzima kwa gari kutoka chuoni, na amezungumza na wapishi wa timu kuhusu nyama ya nguruwe. Nilimheshimu zaidi. Lakini kocha mkuu wa chuo kingine, Mzungu, alikuwa ametuuliza kuhusu chakula na Ramadhani kabla hata hajakaa, kwa sababu aliwahi kuwa na mchezaji anayefunga katikati ya mazoezi na alikuwa amejifunza jinsi ya kumpangia daktari na muda wa kula. Kwa hiyo rangi ilimpa kocha wa kwanza nusu ya maisha ya mwanangu, ile nusu inayoonekana. Nusu ya pili ilihitaji mtu aulize.

Alikuja pia kocha mkuu wa chuo kimoja cha watu weusi. Yeye hakuwa mshenga wa mtu. Alikuwa mwenye posa mwenyewe. Alisema wazi kwamba bajeti yake ni ndogo, mabweni ni ya zamani, mechi zake hazionyeshwi sana kwenye televisheni, lakini pale mwanangu hatalazimika kumweleza mtu yeyote yeye ni nani. Nilimpenda mtu yule. Mwanangu naye alimpenda, ila kijana wa miaka kumi na saba anayeota viwanja vya watu elfu themanini hukitazama chuo kwa jicho la ndoto zake, na sisi tulikubaliana tangu mwanzo kwamba uamuzi wa mwisho utakuwa wake.

Moyo wake ulikuwa kwa yule wa barabara na kinyozi. Basi alipokuja tena nilimwuliza maswali ya mzee wa Beaumont, mbele ya mtoto, ili na yeye asikie majibu.

"Kocha, mpango wa ulinzi wa timu anaupanga nani?"

"Mratibu wa ulinzi, mama. Mimi natoa maoni yangu."

"Na nani anaamua mtoto apewe ufadhili au anyang'anywe?"

"Kocha mkuu."

"Na wewe ukiondoka, mwanangu anabaki na nani?"

Aliweka uma chini. Alisema katika kazi yake hakuna anayejua mwakani atalala mji gani, kwamba yeye anataka kuwa mratibu, na kwamba pale alipo haoni kama watampa. Hakunificha. Najua wapo wanaoficha, na najua wakubwa wao hawapendi msaidizi aseme vile nyumbani kwa mchezaji.

Kwa hiyo tulikipima chuo kana kwamba yeye hayupo. Tuliuliza wangapi katika kundi la wachezaji weusi wanamaliza na shahada, tukaomba idadi hiyo peke yake, bila kuchanganywa na wanafunzi wengine. Tuliuliza akiumia goti matibabu yanalipwa hadi lini. Tuliuliza ufadhili ni wa miaka yote au wa mwaka mmoja unaoweza kukatwa, kwa kuwa tangu 2012 vyuo viliruhusiwa kutoa wa miaka mingi lakini havikulazimishwa. Majibu yalituridhisha. Jumatano ya tarehe 19 Desemba 2018, siku ya kwanza ya usajili wa mapema, mwanangu alitia saini.

Barua aliyosaini wakati ule ilisema waziwazi kwamba mchezaji anajifunga na chuo, hajifungi na kocha, na kocha akiondoka mchezaji bado amefungwa. Baba yake aliisoma sentensi hiyo kwa sauti kabla ya kumpa kalamu. Januari kocha akaondoka. Alipata kazi chuo kingine, cheo kile kile kwa mshahara mkubwa zaidi. Ndivyo ilivyo: Desemba vijana wanasaini, Januari makocha wanahama, na ratiba hiyo haikupangwa na akina mama.

Mwanangu alikasirika, na mimi sikumkataza kukasirika. Kwa mshenga wa kwetu, ndoa ikitikisika huitwa arudi aketi na pande zote mbili. Huyu hakuwa na mahali pa kurudia. Hata hivyo kijana hakushangaa, na hilo lilimsaidia. Kocha mpya, Mzungu kutoka mashambani kaskazini, hakujua habari za kinyozi, lakini alimfundisha kutumia mikono na miguu kuliko yeyote kabla yake, na alimchezesha kwa haki. Mwaka wa pili polisi alimsimamisha usiku kwenye barabara ile ile. Aliweka mikono kwenye usukani, akaachiwa salama. Alipofika bwenini alimpigia yule aliyeondoka, na yule aliyeondoka alipokea, akakaa naye kwenye simu hadi akatulia.

Nimeyafikiria sana hayo mawili pamoja. Kuaminiana kwao kulikuwa kwa kweli. Hakukuwa ujanja wa kumpata mtoto wa watu. Na bado kuna chuo kilichotumia kuaminiana huko kupata mchezaji, kisha kisimpe mwenye nako nafasi ya kukaa. Hasira yangu ni kwa huo mpango. Kwa kocha mwenyewe sina.

Mwaka 2020, baada ya polisi kumuua George Floyd, ambaye alicheza futiboli katika sekondari ya Yates hapa hapa Houston, mwanangu alisimulia kwamba kwenye timu yao waliosukumwa mbele kuzungumza na vijana walikuwa tena makocha wasaidizi weusi. Mwaka huo Michael Locksley, kocha mkuu wa Maryland, aliunda umoja wa makocha wa jamii za wachache ili majina yao yafike kwenye meza za wanaoajiri. Nilifurahi kuona wameamua kujisemea wenyewe.

Na Desemba 2021 tuliona kinachotokea mwenye kuja kuposa anapokuwa ndiye mwenye uamuzi. Travis Hunter, aliyehesabiwa wa kwanza nchini kote, aliiacha Florida State siku ya kusaini, akaenda Jackson State, chuo cha watu weusi cha Mississippi, kwa kocha mkuu Deion Sanders, nyota wa zamani wa ligi ya kulipwa. Wengi walisema ni jina kubwa la Sanders tu. Jina lilikuwepo, ndiyo, lakini pale kijana mweusi alikuwa akizungumza na mtu mweusi ambaye neno lake ndilo la mwisho, hana bosi wa mpira nyuma yake anayemtuma. Mwaka mmoja baadaye Sanders alihamia Colorado, na kwa kuwa tangu 2021 mchezaji aliweza kuhama bila kukaa nje msimu, Hunter alimfuata, na mwaka 2024 akatwaa Heisman, tuzo kubwa kuliko zote. Waliobaki Jackson State walibaki wakianza upya na kocha mwingine. Kwa hiyo hata mwenye uamuzi huondoka. Tofauti ni kwamba vijana wa leo nao wanaweza kuondoka, na wazazi wanaosajili watoto sasa wana silaha ambayo sisi hatukuwa nayo.

Juu ya kocha mkuu nako kuna watu. Charlie Strong alipopewa Chuo Kikuu cha Texas Januari 2014, tajiri mmoja mkubwa mfadhili wa chuo, Red McCombs, alisema hadharani kwamba angefaa kuwa kocha wa kikundi, labda mratibu. Baadaye aliomba radhi. Strong alikaa misimu mitatu. Nakumbuka maneno yale yalivyozungumzwa kazini kwetu, na jinsi yule mzee alivyotikisa kichwa bila kusema lolote.

Januari 2025 nilitazama na mwanangu nusu fainali ya Notre Dame na Penn State. Marcus Freeman upande mmoja, James Franklin upande mwingine, wote weusi, Freeman mama yake Mkorea, na yeyote ambaye angeshinda angekuwa kocha mweusi wa kwanza kufika fainali ya ubingwa wa taifa. Notre Dame ilishinda 27–24. Timu iliyokuwa na Alan Page peke yake mwaka 1966! Fainali walifungwa na Ohio State 34–23, siku ya kumkumbuka Martin Luther King. Nilimpigia mzee wa Beaumont, sasa amestaafu, na tulizungumza hadi simu ikaisha chaji.

Mwanangu alimaliza shahada yake. Mpira wa kulipwa haukumwita, na sasa ni msaidizi mdogo wa makocha katika chuo kingine huku akisoma shahada ya uzamili. Mwaka huu wamempangia eneo la kusajili: Houston. Wamemwambia anafaa sana kuzungumza na familia, hasa za wahamiaji kutoka Afrika, na ni kweli anafaa. Alikubali, lakini aliomba kitu kimoja kwanza, akae kwenye kikao cha kupanga ulinzi wa kila wiki, na apewe sehemu yake ya kupanga. Kocha mkuu amesema atamjibu kabla ya mazoezi ya majira ya kuchipua. Hajamjibu bado, na mwanangu amesema akiulizwa na mama yeyote mpango wa ulinzi anaupanga nani, atamwambia ukweli.